Shule Nzuri ni Ile Isiyopoteza Watoto: Ushauri kwa Wazazi wa Kilwa na Lindi

Wazazi wanaohamia Kilwa Masoko siku hizi wana swali moja: "Shule gani ya serikali inafaulisha?" Wanaliuliza sokoni, stendi na msikitini baada ya swala. Baadhi yao ni wageni waliovutwa na bandari ya uvuvi, ile ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Wenyeji hawakosi jibu. Watakutajia shule aliyosoma mheshimiwa fulani, shule yenye ukuta na geti, au shule ambayo mwaka juzi ilipeleka watoto wengi sekondari. Lindi mjini mambo ni yaleyale: wa Rahaleo anaisifia ya kwao, wa Mtanda anaisifia ya kwao, na mwenye uwezo wa kulipa bodaboda anampitisha mtoto kata mbili kulifuata jina.

Jina la shule huwa na sababu yake, lakini katika pwani yetu linaficha jambo kubwa. Shule inaweza kufaulisha kwa sababu inafundisha vizuri. Inaweza pia kufaulisha kwa sababu watoto ambao wangefeli walishaondoka kabla ya siku ya mtihani. Kwenye karatasi ya matokeo shule hizi mbili zinafanana. Kwa mtoto wako hazifanani hata kidogo. Namna ya kuzitofautisha ipo, na haihitaji kujuana na mtu ofisini: inahitaji simu yenye intaneti, kalamu, na asubuhi moja ya kutembelea shule.

Uhuru wako wa kuchagua

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Utaratibu wa kawaida ni mtoto kuandikishwa shule iliyo jirani na nyumbani, lakini mjini ambako shule mbili au tatu ziko ndani ya mwendo wa miguu, mzazi anayewahi ana nafasi ya kuchagua. Neno la kushika hapo ni kuwahi. Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na anayengoja Januari shule zifunguliwe hupokelewa palipobaki nafasi.

Mtoto wa miaka mitano anaanza darasa la awali, na wa sita anaingia la kwanza. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Kama hana, anza kukishughulikia mapema, kabla hajatimiza miaka mitano, kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, ambako watoto walio chini ya miaka mitano husajiliwa. Kwa anayehama kutoka mkoa mwingine, hakikisha umepata namba yake ya PReM kutoka shule anayotoka. Hiyo ndiyo namba inayomtambulisha mwanafunzi wa msingi kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na uhamisho wake hupitia humo. Mtoto aliyehamishwa kwa maneno tu, bila namba hiyo kufuata, huja kusumbuka wakati wa usajili wa mtihani.

Soma matokeo kwa jicho la pili

Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake. Fungua Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, chagua mkoa wa Lindi, kisha halmashauri, kisha shule. Utaona idadi ya waliofanya mtihani, wavulana na wasichana, madaraja kuanzia A hadi E, na wastani wa shule. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Daraja A, B na C ni ufaulu.

Wengi huishia kwenye wastani. Hata NECTA yenyewe, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, iliacha desturi ya kutaja shule kumi bora, lakini mitaani bado tunapanga foleni ya shule kwa wastani. Fanya hivi badala yake. Tafuta matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne wa shule hiyohiyo, miaka mitatu nyuma. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2022 ndio waliotakiwa kuwa darasa la saba mwaka 2025. Andika idadi hizo mbili, moja chini ya nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kwanza ilikuwa na watoto 120 kwenye upimaji wa darasa la nne. Miaka mitatu baadaye waliofanya mtihani wa darasa la saba ni 78, na 74 wamefaulu. Hiyo ni asilimia 95, na mtaani itasifiwa mwaka mzima. Shule ya pili ilianza na 110, waliofika kwenye mtihani ni 104, wakafaulu 86. Asilimia 83, na hakuna anayeitaja. Sasa gawanya waliofaulu kwa walioanza. Shule ya kwanza imefikisha watoto 62 katika kila 100 waliokuwa darasa la nne. Ya pili imefikisha 78. Kama hujui mwanao atakuwa wa kundi gani akifika darasa la sita, na hakuna mzazi anayejua, shule ya pili ndiyo salama kwake.

Hesabu hii ina mipaka yake. Wapo waliohamia shule nyingine kihalali, na wapo walioshindwa upimaji wa darasa la nne wakakariri. Kwa hiyo pengo dogo lisikutishe, na pengo kubwa usilihukumu kabla ya kuuliza. Angalia pia miaka mitatu au minne mfululizo, kwa sababu kwenye shule yenye watahiniwa 25 watoto wawili tu wakiugua siku ya mtihani asilimia zinayumba. Halafu tenganisha wavulana na wasichana. Wavulana wakipungua sana kati ya darasa la nne na la saba, kuna mahali wanakwenda. Wasichana wakipungua, uliza kwa sauti zaidi.

Wanakokwenda watoto

Mtu wa Lindi hahitaji kuambiwa wanakokwenda. Ufuta unavunwa kuanzia Mei, na familia nzima inahamia shambani. Korosho zinaangushwa kuanzia Septemba na kuokotwa hadi Desemba, na mikono midogo huokota haraka. Wavuvi wanapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili huonekana tayari ni baharia. Jando na unyago huangukia likizo za Juni na Desemba, na ngoma ikipitiliza, wiki mbili za mwanzo wa muhula zinapotea. Kwa binti aliyekwisha kuchezwa, wapo watu wazima wanaoanza kumwangalia kwa macho mengine.

Shule haiwezi kuzuia msimu. Inachoweza ni kuwa na utaratibu, na hapo ndipo shule mbili za kata moja hutofautiana. Muulize mwalimu mkuu swali hili bila kuzunguka: "Mtoto asipoonekana siku tatu, nani anafuatilia na kwa njia gani?" Mwalimu mkuu mwenye utaratibu atakujibu kwa majina ya kazi: mwalimu wa darasa anampigia mzazi, kisha mwenyekiti wa mtaa anajulishwa, kisha mtendaji wa kata. Atakuonyesha daftari la mahudhurio. Asiye na utaratibu atakuambia wazazi wa huku hawana mwamko. Sentensi hiyo ukiisikia kabla hujakaa kitini, ujue shule imeshakubali kupoteza watoto, na hata wako akipotea lawama zitakuwa zako.

Uliza pia kuhusu binti aliyepata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, kurudi masomoni. Shule inayojua hilo na kulitekeleza inakuonyesha namna inavyowatazama watoto waliojikwaa.

Asubuhi moja shuleni

Nenda siku ya kazi, katikati ya muhula, usiende siku ya mkutano au mgeni rasmi. Piga hodi ofisini, jitambulishe, sema unatafuta shule ya mwanao. Ukikaribishwa kwa heshima umeshapata jibu la kwanza.

Anzia madarasa ya chini. Wageni huonyeshwa darasa la saba, lenye kambi na masomo ya ziada, lakini mtoto wako hataanzia huko. Ataanzia awali na la kwanza, na humo ndimo watoto wanapojazana zaidi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali na 45 wa msingi. Shule nyingi za Kusini haziko hapo, kwa hiyo usiikatae shule kwa sababu ina 70 darasani. Angalia shule imempanga nani kuwafundisha hao 70. Mwalimu mkuu anayempa darasa la kwanza mwalimu wake hodari, mwenye subira na anayejua kazi, anajua anachofanya. Anayempa darasa la kwanza mwalimu anayesubiri uhamisho au kijana wa kujitolea asiye na msimamizi anaweka akiba ya matatizo ya darasa la nne.

Omba kuona madaftari matatu ya darasa la pili, uyachague mwenyewe. Tazama tarehe: kazi zimefuatana au kuna mashimo ya wiki nzima? Tazama wino mwekundu: mwalimu amesahihisha na kuonyesha kosa, au ameweka alama ya vema juu ya makosa? Daftari halijui kumpokea mgeni, linasema yaliyotokea.

Kipimo kikubwa kuliko vyote unaweza kukifanya nje ya shule. Watafiti wa Uwezo, mradi wa Twaweza, walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome, na wengi wa darasa la tatu walishindwa. Nawe chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, mwite mtoto wa jirani anayesoma darasa la tatu au la nne kwenye shule unayoifikiria, kwa ruhusa ya mamaye, umwombe akusomee ukurasa mmoja na kukueleza alichosoma. Fanya hivyo kwa watoto wanne au watano. Wakisoma kwa kutiririka na kusimulia, shule hiyo inafundisha, hata kama haina geti. Wakikwama kwenye "ng'ombe" na "mshale", wastani wa darasa la saba usikupumbaze. Kama nyumbani mnaongea Kimatumbi, Kingindo au Kimwera, uliza mwalimu wa awali anawasaidiaje watoto ambao Kiswahili wanakikuta shuleni. Anayewacheka mwache.

Baada ya hapo zunguka uwanja. Kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 ingetakiwa kuwa na matundu 15. Ukikuta sita yenye milango na maji ya kunawa, ni afadhali kuliko kumi na tano yaliyofungwa kwa kufuli. Maji ni jambo la kuuliza hasa kwetu pwani, ambako visima vingi vina chumvi: yanatoka wapi, na watoto wanabeba madumu saa ngapi? Ikiwa ni wakati wa kipindi, andika. Uliza kuhusu uji. Mtoto aliyetoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi, hadi saa nane mchana, hasikii chochote baada ya saa tano.

Njia na saa

Shule ya kilomita nne yenye jina zuri hushindwa na shule ya nusu kilomita yenye jina la kawaida, mvua za masika zikianza. Itembee njia mwenyewe kwa miguu ya mtoto. Kwa wa Nangurukuru na vijiji vya kandokando ya barabara kuu ya Kibiti hadi Lindi, jambo la kwanza ni mahali pa kuvukia: mabasi na malori hayapunguzi mwendo kwa sababu ni saa moja asubuhi. Kwa wanaovuka maji, kama wa Kitunda kuja Lindi mjini au wa Kilwa Kisiwani kuja Masoko, uliza nini hutokea siku ya upepo. Januari 2020 mafuriko yaliwatoa watu majumbani wilayani Kilwa, na Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara kuu ilikatika. Njia yenye korongo usiihukumu kwa sura yake ya Oktoba.

Jambo jingine ni zamu. Shule iliyofurika huweza kugawa watoto, wengine asubuhi na wengine mchana. Zamu ya mchana hugongana na madrasa, na mtoto wa darasa la pili akilazimika kuchagua, atachagua kukaa nyumbani. Uliza ratiba ya zamu kabla ya kuandikisha, kisha zungumza na ustadhi. Mara nyingi saa za madrasa husogezwa kirahisi kuliko za shule.

Pesa, viboko na kamati

Bila ada maana yake si bila gharama. Sare, madaftari na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Hata hivyo mtoto haruhusiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Agizo hilo lilitolewa kwa ukali Januari 2018 na hayati Rais John Magufuli. Shule inayofukuza watoto kwa deni la uji ndiyo inayotengeneza watoro.

Nenda kwenye ubao wa matangazo. Ruzuku iliyopangwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kiasi cha 6,000 ndicho kinachokusudiwa kufika kwenye akaunti ya shule, nyingine ni ya vitabu. Shule ya watoto 600 inatarajia basi kama shilingi 300,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na ndiyo maana inafaa ionekane imetumikaje. Mwalimu mkuu anayebandika mapato na matumizi bila kuombwa huwa na mikutano ya wazazi inayohudhuriwa, na wazazi wanaoamini hesabu huchangia bila kusukumwa.

Kuhusu viboko, kanuni za 2002 ziko wazi: mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Uliza kama kitabu kipo. Ukiona kila mwalimu anatembea na fimbo yake, kumbuka kuwa mtoto anayeogopa kupigwa asubuhi hujificha kwenye mikoko, na utoro huanzia hapo.

Mwishowe omba kuzungumza na mjumbe mmoja wa kamati ya shule, au wa umoja wa wazazi na walimu, UWAWA. Muulize lini walikutana mara ya mwisho na waliamua nini. Uliza pia wathibiti ubora wa shule walipopita walisema nini. Mjumbe asiyekumbuka lolote anakueleza mengi.

Mwaka 2027 usikukute umelala

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka kumi, pamoja na minne ya sekondari. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, sambamba na kundi la mwisho la darasa la saba. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Kama mwanao yumo humo, uliza sasa sekondari ya kata ina madarasa mangapi na inajenga mangapi.

Mabadiliko haya yanaipunguzia uzito ile hesabu ya "wangapi wamechaguliwa". Kama kila mtoto anatakiwa aendelee, jambo litakalowatenganisha ni nani anaingia kidato cha kwanza akisoma na kuelewa. Na kwa kuwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, sikiliza kipindi kimoja cha Kiingereza cha darasa la tano. Watoto wakizungumza, hata kwa makosa, wana pa kuanzia. Wakiimba tu majibu nyuma ya mwalimu, ongeza juhudi nyumbani mapema.

Kama shule ni moja tu

Kwa vijiji vingi vya Kilwa, na hata baadhi ya mitaa ya Lindi, haya ya kulinganisha ni anasa: shule ni moja, na ya pili iko ng'ambo ya bonde. Vipimo hivi havipotezi kazi. Ukishajua kuwa kati ya darasa la nne na la saba wanapotea watoto thelathini, una hoja ya kusimama nayo kwenye mkutano wa wazazi, na ni vigumu kuipuuza kwa kuwa takwimu ni za NECTA. Pendekeza orodha ya watoro isomwe kila mwezi mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Pendekeza familia zinazohamia mashambani ziache watoto kwa ndugu wa kijijini wakati wa muhula, na shule isaidie kupanga nani akae na nani. Gombea ujumbe wa kamati. Kilwa ina ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songosongo, kwa hiyo diwani wako aulizwe kila bajeti ni darasa gani na choo gani vimejengwa kwa fedha hiyo.

Mwenye nafasi ya kuchagua ajipangie hivi: matokeo ya darasa la saba yakitoka, fanya hesabu ya walioanza na waliobaki kwa shule zote zilizo ndani ya mwendo wa nusu saa. Chagua mbili, zitembelee kabla ya likizo ya Desemba, andikisha. Ukishaandikisha usirudi nyumbani kungoja ripoti: fika shuleni kila mwezi, hata kwa robo saa, umwone mwalimu wa darasa. Mtoto ambaye mwalimu anamjua mzazi wake kwa jina ni mgumu sana kupotea bila mtu kuuliza.